Ukuta Unaokunywa

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naanza na ya nyumbani, maana najua usipoyakuta juu utaikunja barua na kusema mpwa wako kasoma akasahau adabu. Mama hajambo. Lile jino lililomtesa tangu mwaka uanze limeng'olewa, na sasa anatafuna pande zote mbili na kugomba pande zote mbili. Mdogo wangu amepanda darasa, kwa shida lakini amepanda. Mimi ni mzima, ila suruali zimelegea kidogo kwa ajili ya woga.

Kazi nimepata, kama Mama alivyokueleza. Tuko chumba kimoja ghorofa ya pili, meza tatu, na kabati la chuma ambalo mlango wake haufungiki mpaka uusukume kwa goti. Kazi yetu ni maneno. Vitabu vipya vya sayansi na hesabu vya shule za msingi vinaandikwa, na kila jambo linalofundishwa lazima liwe na jina moja, si mwalimu huyu aseme hivi na yule aseme vile, halafu mtihani uje na jina la tatu. Kuna jopo la wazee saba wanaokutana kila mwisho wa mwezi kuyapitisha majina hayo.

Utaratibu ni huu. Kuna daftari moja kubwa. Kila mstari una namba, kisha maelezo ya jambo lenyewe, kisha nafasi ya neno. Neno likipendekezwa linaandikwa kwa penseli. Jopo likilikubali, linapitishiwa wino juu ya ile penseli. Penseli ni maoni, wino ni sheria. Mkuu wetu ni mama mmoja tunayemwita Bi Nukta, kwa sababu hakuna nukta inayompita. Siku ya kwanza aliniambia, "Kijana, hapa hatumfukuzi mtu kwa kuchelewa. Tunamfukuza kwa wino." Na mimi niko kwenye miezi sita ya majaribio.

Juzi aliniita kwa jina langu lote, la kwangu na la baba na la babu. Nikajua nimekwisha. Kumbe alitaka nimsogezee meza, jua linampiga machoni. Nilirudi kwenye kiti changu nikakaa kama mtu aliyevushwa mto.

Sasa nina swali, na naona haya kukuuliza, lakini nitakuuliza. Mstari wa 87 umekaa mtupu tangu kabla sijaajiriwa. Ni lile jambo la maji kupanda yenyewe ndani ya kitu chenye vitundu vyembamba, bila kusukumwa na mtu, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa. Wazee wamependekeza majina matano, kila moja refu kama treni ya mizigo, na yote wameyakataa wenyewe. Wewe uko na maji na kuta kila siku. Mafundi mnaliitaje?

Mpwa wako


19 Februari

Bwana Karani, mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada yangu pole ya jino na hongera ya kugomba. Mke wangu anakusalimu, anasema kama suruali zimelegea umletee azipunguze, wala usinunue mkanda. Mtoto wetu wa mwisho ameanza kutembea na tayari ameshamwaga ndoo mbili. Hapa tunajenga duka la mtu anayebadili mawazo kila akilala. Jana alitaka dirisha, leo anataka mlango palepale.

Barua yako nimewasomea mafundi wakati wa chai. Tumecheka. Watu saba waliosoma mpaka miwani ikawaota usoni wanatafuta jina la kitu ambacho kila aliyewahi kushika mwiko anakijua! Nilikwambia zamani, ulipokuwa unalilia ile pembetatu yako ya tatu, nne na tano. Hukunisikiliza. Mimi kila asubuhi ya kuanza msingi navuta uzi futi tatu huku, futi nne kule, na mshazari ukisoma futi tano najua kona yangu iko sawa. Nyinyi mnaiita hesabu, sisi tunaita kutoa skwea, na nyumba haiulizi nani kapata maksi ngapi.

Basi, jibu lako. Sisi tunasema ukuta unakunywa. Hakuna jingine. Ardhi ina maji hata wakati wa kiangazi, na tofali lina vitundu usivyoviona. Ukilikalisha tofali juu ya msingi bila kutandika kitu katikati, linayanyonya maji ya chini na kumpa mwenzake wa juu, naye anampa wa juu yake. Ndiyo maana juu ya msingi, kabla ya tofali la kwanza, tunatandika ile plastiki nyeusi. Ukisahau, mwaka wa kwanza ukuta utakunywa mpaka vifundoni, wa pili mpaka magotini. Lipu inavimba, rangi inatoka magamba, na chumba kinanuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni.

Nimewahi kuona mmoja uliokunywa mpaka kiunoni. Wa nani, hilo si la barua.

Mjomba wako


11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anawashukuru, na anasema wifi yake asijisumbue na suruali, atazishona mwenyewe. Mdogo wangu ameumia kidole akicheza mpira, si vibaya. Sisi wote tunaendelea, isipokuwa mimi, na tafadhali yanayofuata usimwambie Mama.

Nimefanya kosa la wino.

Barua yako ilipofika niliisoma mara tatu. Nikaona jambo zima linakaa ndani ya tendo moja la kunywa, ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua. Nikachukua penseli, nikaandika kwenye mstari wa 87: unywevu. Sikumwambia mtu. Nilitaka tu kuona linavyokaa pale, kama mtu anayejaribu koti dukani akijua hana nia ya kulinunua. Nilikusudia kulifuta kabla ya saa kumi.

Saa tisa Bi Nukta akaingia akisema tarishi yuko getini na pikipiki, mpiga chapa anataka kurasa leo hii. Akaniwekea chupa ya wino mezani. "Ukurasa wa saba mpaka wa kumi, yamepita yote, yapitishie wino upesi. Ule mstari mtupu uache mtupu." Nikapitisha. Mkono wangu ulikuwa unafuata penseli, Mjomba, hausomi. Penapo penseli, naweka wino. Tarishi akazichukua karatasi kabla hazijakauka vizuri.

Kesho yake niliangalia nakala ya kaboni iliyobaki kabatini. Neno lile liko pale, jeusi, limekaa katikati ya maneno ya wazee kana kwamba limealikwa.

Sasa hivi wanachapa nakala chache za majaribio. Mwisho wa Aprili zitapelekwa kwa walimu wa shule nne, wazitumie darasani, watoe maoni, ndipo kitabu chenyewe kichapwe. Yaani kuna watoto watakaoambiwa kwamba hili ndilo jina, na jina lenyewe nimelitunga mimi na wewe kwa barua. Nikisema, nitafukuzwa. Nisiposema, labda hakuna atakayegundua. Au mtu atagundua, nami nifukuzwe mara mbili.

Niseme au ninyamaze? Nitafanya utakaloniambia. Halafu ule ukuta uliokunywa mpaka kiunoni, ulikuwa wa nani? Nauliza tu.

Mpwa wako


6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Huku wazima. Natumaini na huko ni wazima, ingawa sina njia ya kujua, kwa sababu karibu wiki nne sijapata mstari kutoka kwako. Huenda barua yangu ilipotea. Kama ilipotea, naomba ipotee kabisa, isifike mikononi mwa mtu. Kama ilifika, basi nimekuudhi, nami naomba radhi bila kujua ya nini.

Nakala za majaribio zimeletwa. Nimezibeba mwenyewe ngazini. Nimefungua ukurasa wa tisa. Liko pale.

Jana Bi Nukta alikuja akasimama mbele ya meza yangu. Akauliza, "Wewe unaumwa?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi kula." Akaniachia nusu ya mkate wake. Nilishukuru kwamba si lile jambo la wino, kisha nikaona aibu kushukuru.

Bado sijasema.

Mpwa wako


24 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na tena marahaba kwa ile ya kwanza. Barua zako zilifika zote, wala hukuniudhi. Mke wangu mzima. Mtoto sasa anakimbia, tumeinua kila kitu juu. Lile duka tumelimaliza, lina milango mitatu na dirisha moja ambalo halifunguki, na mwenyewe anasema ndivyo alivyotaka.

Uliniuliza useme au unyamaze. Nilishika kalamu siku ileile. Nikaandika "Sema," nikatazama lile neno, nikachana karatasi. Nikaandika tena, nikachana tena. Mke wangu akasema, "Unamwandikia mpwa wako au unatengeneza vishada?" Sikuweza kukujibu, kwa sababu uliuliza maswali mawili, na la pili lilikuwa linanikaba la kwanza.

Ukuta ule ni wa mkunga. Ndiyo, huyohuyo aliyekupokea wewe duniani. Chumba chake cha kulala nilikijenga mimi miaka minne iliyopita. Siku ya kutandika plastiki, plastiki ilikuwa imesahauliwa nyumbani, saruji imeshachanganywa, watu wamesimama na miiko mikononi. Nikasema haidhuru, pale ni mahali pa juu, maji yako mbali. Ukuta ulipoanza kunywa nikamwambia ni mvua ya upepo, inapiga upande ule. Kila mwaka nilikwenda, nikakwangua, nikapaka rangi, nikanywa chai yake, nikailaani mvua. Yeye akasogeza kitanda.

Sasa mtu kama huyo akwambie wewe "Sema"? Kwa mdomo upi?

Nikaenda. Nikamkuta uani anachambua mchele. Nikasema, "Mama, si mvua."

"Nini si mvua?"

"Ukutani. Si mvua. Ni mimi." Nikamweleza yote, na plastiki, na haidhuru yangu.

Aliendelea kuchambua. "Miaka minne," akasema, "nalala katikati ya chumba kama meza ya kulia, na wewe unakunywa chai yangu unailaani mvua?"

"Ndiyo, mama."

"Hata kiangazi?"

"Hata kiangazi."

Akaweka ungo chini. "Mimi nilijua tangu mwaka wa pili. Mvua gani hiyo inayonyesha kutoka chini kwenda juu? Nilikuwa nangoja uchoke."

Basi nilichoka, mpwa wangu, na wiki hizi zote nimekuwa kwake na tindo na nyundo. Huwezi kuutandikia ukuta uliosimama kwa siku moja. Unatoboa kipande cha hatua moja tu chini yake, unatoa matofali, unaingiza plastiki, unarudishia, unangoja saruji ishike, ndipo unagusa kipande kingine. Ukifanya haraka nyumba inakulalia. Nimemaliza juzi. Mgongo unauma mahali ambapo sikujua kuwa nina mgongo, lakini nakula kama mtu aliyetoka jela.

Sikwambii ufanye nini. Wewe una kazi ya kupoteza na mimi nilikuwa na aibu tu, na havilingani. Nakueleza tu nilivyofanya, na kwamba niliyemwogopa alikuwa ananingoja.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na mkunga mpe shikamoo yake. Mama ni mzima kabisa, na sasa anajua kila kitu, kwa hiyo ukipata barua yake yenye maneno makali juu ya watu wanaoficha mambo, ujue inatuhusu sote wawili. Mdogo wangu kidole kimepona.

Nitakuandikia kwa mpangilio, ingawa mkono unataka kuruka mpaka mwisho.

Barua yako niliipata siku ya Jumamosi. Jumatatu yake, saa mbili na nusu asubuhi, nilimwambia Bi Nukta. Nilimwambia kabla hajaketi, kwa sababu nilijua akishaketi sitaweza.

"Mstari wa 87 una wino," nikasema.

"Mstari wa 87 ni mtupu."

"Una wino."

Akafungua nakala ya majaribio, akaweka kidole, akasoma. Sikuwahi kumwona akisoma neno moja kwa muda mrefu kiasi kile.

"Wino wa nani?"

"Wangu."

"Na neno?"

"Langu pia. Na la mjomba wangu."

"Mjomba wako ni profesa?"

"Ni mwashi."

Akaufunga mlango. Mjomba, nilidhani kwamba mtu akishasema kweli anakuwa mwepesi papo hapo. Si hivyo. Niliegemea kabati, na mlango wake ukafunguka, kama kawaida yake, mafaili yakamwagika yote. Tukayaokota pamoja, yeye na mimi, tumechuchumaa. Ni huko chini aliponiambia, "Neno bovu mimi nalifuta kwa dakika moja. Karani anayeficha nitamfutia wapi? Umekaa na jambo hili wiki saba. Kwa wino ningekufukuza. Kwa wiki saba ningekufukuza mara ya pili. Lakini umekuja kwa miguu yako kabla sijakukamata, na mimi sina karani mwingine anayejua faili lipi liko wapi." Akaniandikia barua ya onyo. Iko ndani ya faili langu, nimeitia sahihi. Neno akalifunika kwa karatasi nyeupe, akawaandikia walimu wa zile shule nne kwamba halijapitishwa, ila wakiwa wameshalitumia waseme limepokelewaje. Kisha akanipa penseli. "Liandike upya. Na mwisho wa mwezi utasimama nalo mbele ya jopo. Mwenye neno ndiye anayelibeba."

Majibu ya walimu yalirudi yote manne. Watatu waliandika kwamba limeeleweka. Wa nne alinukuu mtoto mmoja, nami nimeyahifadhi maneno yake: "Kumbe! Kama suruali yangu nikikanyaga dimbwi, inalowa mpaka kwenye goti na mimi sijaingia mpaka kwenye goti."

Juzi ndiyo ilikuwa siku ya jopo. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa mbili. Mzee mmoja, yule aliyependekeza matatu kati ya yale majina matano, hakuningoja hata nifungue kinywa. "Unywevu linanuka pombe," akasema. "Mtoto atakwenda nyumbani aseme leo tumefundishwa unywevu, baba yake aje shuleni na fimbo."

"Au aje kujiandikisha," akasema mwenzake.

Wakacheka. Mimi nilitafuta kurasa zangu mbili, nikaona herufi zimekuwa sisimizi. "Na zaidi ya hayo," mzee akaendelea, "hili si neno la kitaalamu. Ni neno la vibarua."

"Ndiyo, mzee wangu," nikasema. Sauti ilitoka, sijui kutoka wapi. "Ni la vibarua. Wao ndio wanaoliona jambo lenyewe kila siku." Kisha nikafanya kitu ambacho nikikifikiria sasa natokwa jasho. Nilichukua kipande cha chaki ubaoni, nikakisimamisha kwenye kisahani cha Mwenyekiti, ambamo chai yake ilikuwa imemwagika kidogo, bila hata kumwomba ruhusa. Chai ikaanza kupanda. Taratibu, rangi ya kahawia ikaiacha sahani na kupanda kwenye weupe wa chaki, na wazee saba wakainama kuitazama kama watoto.

Mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo, kama anayejisemea, "Inakunywa."

Bi Nukta akanyanyua kalamu. "Iandikwe katika kumbukumbu kwamba Mwenyekiti amelitumia."

Mikono mitano ilinyooshwa. Yule mzee hakunyoosha, lakini alikuwa bado anaitazama chaki. Mstari wa 87 umepita. Kwenye safu ya mpendekezaji nimeandika "fundi mwashi, kupitia karani", na Bi Nukta amesema hakuna sababu ya kuifuta.

Tulipokuwa tunakusanya vikombe nikamuuliza kuhusu majaribio yangu. Alijibu bila kugeuka, "Onyo litabaki. Na wewe utabaki."

Nilishuka ngazi mbili mbili. Nilitaka kumwambia mtu, yeyote, na getini hapakuwa na mtu ila mlinzi, amekaa juu ya kreti lake anafunga kamba za viatu. Nikamwambia, "Mzee, tumepata, salama kabisa!"

Akaruka akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Hongera sana! Wa kike au wa kiume?"

Nikamwambia si mtoto, ni neno. Neno la shule.

Alinitazama, akalifikiria jambo hilo kwa dhati, mkono wangu bado ameushika. "Basi ni lilelile," akasema. "Lilee vizuri."

Mpwa wako